Ufa Ambao Kivinjari Kiliuficha

Hospitali nzima ilimwita Mama Giza, kwa kuwa alipoanza kazi ya kupiga eksirei picha zilikuwa bado zinasafishwa kwenye chumba cha giza, na yeye ndiye aliyejifungia humo. Kwa miaka ishirini na miwili hakuwahi kumpelekea daktari picha yenye ukungu. Alijivunia hilo, wala hakuficha.

Asubuhi moja alimkuta Bibi Povu, dobi wa hospitali, kwenye benchi la korido, mkono wa kulia umening'inia ndani ya foronya aliyoifunga shingoni.

“Dada, bado tu?”

“Bado, mdogo wangu. Wiki ya tatu hii. Hata leso siwezi kukamua. Daktari anasema mkono ni mzima, najidekeza.”

Damu ilimpanda Mama Giza kichwani. Picha ya mkono ule aliipiga yeye, na ufa aliuona kwa macho yake, mwembamba kama unywele, kwenye kimfupa kilicho chini ya kidole gumba. Siku ile alinyamaza kwa sababu kusoma picha ni kazi ya daktari.

Aliingia kwa daktari bila kupiga hodi.

“Nifungulie picha ya dobi.”

Daktari akaifungua. Siku hizi picha hazichapwi. Zinatumwa kwenye kompyuta na kufunguliwa kwa kivinjari kilekile cha kusomea habari. Mkono ukatokea wote katikati ya kioo, mdogo, nadhifu, kama picha ya kitambulisho.

“Si unaona? Mzima.”

“Mzima wapi! Picha hii ni kubwa mara nne ya kioo chako. Kivinjari kimeibana ili ienee dirishani. Bofya!”

“Nibofye wapi?”

“Hapo hapo juu ya mfupa, baba!”

Akabofya. Mfupa ukajaa kioo kizima, na ufa ukaonekana, mweusi, umepita kati kwa kati. Daktari akamgeukia.

“Mbona hukuniambia?”

Swali lilimchoma, maana lilikuwa la haki. “Hilo ni kosa langu, nitalibeba. Wewe beba la kwako: wiki tatu unamwita mtu mzima mwongo!”

Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja kwa fundi wa kompyuta.

“Ndivyo kivinjari kilivyo, mama,” fundi alisema. “Picha kubwa huzipunguza chenyewe. Ukitaka kubadilisha, andika barua kwa mkuu wa hospitali.”

“Mfupa unasubiri barua? Nionyeshe, au tuzeekee hapa wote wawili.”

Fundi alicheka, akaona mwenzake hacheki, akamwonyesha. Ilikuwa tiki moja kwenye mipangilio. Kuiondoa hakukuchukua hata muda wa kupiga chafya, na hilo ndilo lililomtia wazimu zaidi. Tiki moja!

Alizunguka vyumba sita vya madaktari akiziondoa tiki hizo. Mkuu alimwita akamfokea kwa kugusa mashine zisizo zake.

“Niandikie onyo,” Mama Giza alimjibu, “na uliandike kwa herufi kubwa.”

Bibi Povu alipasuliwa, akatiwa skrubu. Mfupa uliunga, ila kiganja hakikupata tena nguvu ya kukamua mashuka. Akahamishiwa kwenye kukunja nguo. Daktari alimwomba radhi mbele ya wenzake, naye akamsamehe siku ileile.

Mama Giza hakuwa mwepesi hivyo. Tangu hapo, akiona ufa kwenye picha, huenda mwenyewe hadi kwa daktari, akasimama nyuma ya kiti chake na kumwambia, “Hapo, kushoto. Shuka kidogo,” na hatoki mpaka kidole cha daktari kiguse pale pale.