Wanaume Watatu Walioambiwa na Mungu Kunihusu

Mwaka niliotimiza miaka ishirini na mbili, Mungu aliwaambia wanaume watatu kwamba mimi ni mke wao.

Mimi mwenyewe hakunidokeza hata kidogo.

Chekeni tu. Hata mimi siku hizi nacheka mpaka meno ya bandia yanataka kunikimbia. Wakati ule nilikuwa nalia mpaka kope zinauma.

Wa kwanza alikuwa mpiga kinanda wa kanisani. Alinivizia baada ya mazoezi ya kwaya, macho kayafumba kama mtu anayemeza dawa chungu.

"Dada, Bwana amesema nami."

"Amesemaje?"

"Wewe ni ubavu wangu."

"Hebu rudi ukamwulize vizuri. Juma lililopita ubavu wako si alikuwa yule wa sauti ya pili?"

Akafumbua macho, akajikausha, akaenda zake.

Wa pili alikuwa fundi mitambo, kijana wa kukunja nyaya na kupuliza vipaza sauti. Huyo aliniota nimevaa shela, nimesimama juu ya spika. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Naye akacheka. Yakaisha.

Wa tatu hakuchekesha.

Wa tatu alikuwa Mzee Tanuri.

Tulimwita hivyo kwa sababu kiwanda cha mikate kilikuwa chake. Alikuwa mzee wa kanisa, amefiwa na mkewe, na kwa umri angeweza kuwa kaka mkubwa wa marehemu baba yangu. Juu ya hayo alikuwa bosi wangu. Mimi nilikuwa mkandaji. Mikono ilishinda kwenye unga, mgongo ukishinda unachomwa na joto la tanuri.

Nisimsingizie. Hakuwahi kunigusa hata ukucha. Siku hiyo alikuja akasimama upande wa pili wa meza, kofia mkononi.

"Binti, nimefunga na kuomba. Nimesikia jina lako. Waziwazi, kama mtu anavyoita mtu."

Mikono yangu ikabaki ndani ya donge la unga.

Sasa kanisa letu lilikuwa na utaratibu wake. Uchumba haukutangazwa mpaka ushuhudiwe na watu watatu: mwanamume, mtu mmoja wa nyumbani kwa binti, na binti mwenyewe. Wote wasimame mbele ya kanisa, kila mmoja aeleze alichoonyeshwa na Mungu.

Nikajipa moyo. Nyumbani tulikuwa wawili tu, mimi na Mama. Mama hawezi kunifanyia hivyo.

Nilimkuta anafua mashuka ya watu, maana ndiyo iliyokuwa kazi yake. Kifua kilikuwa kinamlia kama mlango usiotiwa mafuta. Kabla sijafungua mdomo, akasema:

"Mwanangu, nimekuota. Umevaa nyeupe. Mzee Tanuri amekushika mkono."

"Mama!"

"Mungu ameonyesha. Mimi ni nani nikatae?"

Na hapo ndipo kiliponuka.

Mashahidi wawili tayari. Nimebaki mimi.

Jamani, nieleweni. Sikuwa binti wa kwenda kanisani kuonyesha gauni. Nilimpenda Mungu kweli. Wenzangu walipoita ujana kula maisha, mimi nilikuwa nimeshamkabidhi yeye ujana wangu wote, na sikujuta. Angeniambia nikahesabu mchanga, ningeuliza nianzie wapi.

Tatizo hakuniambia kitu.

Nilifunga. Niliomba. Mapumziko yalipofika nilijifungia stoo, nikapiga magoti katikati ya magunia ya unga.

"Bwana, kama ni wewe, sema. Nitaolewa naye hata kesho. Sema tu."

Kimya.

Nilisikia panya. Basi.

Nikatoka nimejaa unga usoni, machozi yameuchanganya, karibu nioke mkate kwenye mashavu yangu mwenyewe.

Nikaenda kwa Mchungaji.

"Baba Mchungaji, mimi sijasikia chochote."

Akanitazama kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyonimaliza.

"Binti yangu, Mungu hawezi kusema na wawili akamnyima wa tatu. Kama husikii, jichunguze. Huenda kuna kitu kimeziba."

Kuna kitu kimeziba.

Nilirudi nyumbani na maneno hayo kama mtu aliyepewa majibu mabaya hospitali. Nikaanza kujipekua. Nikatubu dhambi nilizofanya. Zilipoisha nikatubu ambazo sijafanya. Kisha nikatubu kwa kuwa nimetubu uongo.

Chakula hakikupita. Gauni likanining'inia kama limeanikwa. Kilichonitisha hakikuwa ndoa peke yake. Nilianza kuogopa kwamba wokovu wangu wote ulikuwa hewa. Kwamba kanisa zima linaongea naye kila siku, na mimi peke yangu, miaka yote hiyo, nimekuwa naimbia dari.

Ikatangazwa kwamba Jumapili nitasimama kushuhudia.

Kwenye meza ya kukandia nilikuwa na mwenzangu tuliyemwita Kiherehere. Jina lilimkaa sawasawa.

"Shoga, unajiua bure," akaniambia. "Na wewe si uote!"

"Niote nini?"

"Ota nyoka. Waambie katoka ndani ya tanuri, kavaa tai ya Mzee. Nani atabisha? Wao wameota, wewe umeota. Ngoma droo."

"Si nitakuwa nimedanganya?"

"Kwani ndoto zao kuna aliyekwenda kuzikagua?"

Mungu anisamehe, nilianza kumtengeneza nyoka yule. Mwanzo alikuwa mdogo. Kadiri siku zilivyokwenda akapata rangi, akapata meno, mwishowe akawa anaongea, tena kwa sauti nzito yenye kunukuu maandiko.

Jumamosi mchana tulikuwa tunakunja mashuka na Mama, yeye upande huu, mimi upande ule. Ghafla akaachia ncha zake. Akapiga magoti.

Mama. Mzazi wangu. Kanipigia magoti mimi.

"Mwanangu, kesho usiniaibishe. Sema ndiyo. Nataka siku nikiondoka nikuache chini ya paa zima."

Akaanza kukohoa. Alikohoa mpaka nikamlalia mgongoni kumshika asianguke.

Jumapili kanisa lilijaa hadi madirishani.

Mzee Tanuri akasimama, akaeleza aliyoyasikia. Watu wakapiga makofi.

Mama akasimama, akaeleza ndoto yake. Akakaa bila kunitazama.

Mchungaji akanikabidhi kipaza sauti. "Binti yetu, tumalizie furaha hii."

Mdomoni nilikuwa na maneno ya aina mbili. Nikisema ndiyo, nimeokoa kazi, nimemtuliza Mama, na Mungu nimemzulia. Nikimtoa yule nyoka, nimejiokoa na ndoa, na Mungu nimemzulia vilevile.

Nikakisogeza kipaza sauti mdomoni.

"Bwana asifiwe."

"Amina!"

"Mimi Mungu hajaniambia kitu."

Kipaza sauti kikapiga mluzi, fundi mitambo akakiwahi.

"Nimefunga, nimeomba, nimelia. Hajaniambia ndiyo, hajaniambia hapana. Nimekuja hapa na ndoto ya kutunga, imenishinda kuisema. Siwezi kumsemea. Kama hii ni dhambi, niombeeni. Ila nampenda hivyohivyo, hata akinyamaza."

"Pepo la ukaidi hilo!" mama mmoja akapayuka.

"Mtoeni madhabahuni!"

Mchungaji akanyoosha mkono achukue kipaza sauti. Nikamtafuta Mama kwa macho, nikijua nimemuua.

Mama alikuwa amesimama. Ameshika benchi kwa mikono miwili.

"Mwacheni mwanangu," akasema. "Mwongo ni mimi. Mimi sikuota."

"Mama, unasema nini?" Mchungaji akauliza.

"Sikuota, Baba Mchungaji. Hiki kifua kinanimaliza. Niliogopa kufa nimwache mtoto peke yake kwenye chumba kinachovuja. Mzee alipokuja kuniuliza kama nimeonyeshwa kitu, nikasema ndiyo. Ndoto yenyewe niliitunga nikisuuza mashuka."

Mzee Tanuri akainuka taratibu, kama mtu aliyeamshwa.

"Na mimi je?" akauliza. Hakuwa na hasira. Alikuwa anauliza kweli. "Mimi nilisikia jina lake. Ile ilikuwa sauti ya nani?"

Mchungaji akatazama sakafu.

Aliyejibu ni Mama, tena kwa upole.

"Ya upweke, Mzee. Nyumba ikiwa tupu sana huwa inaita majina. Hata yangu inaita."

Mzee akakaa. Akajifunika uso kwa kofia. Tuliona mabega tu yakitikisika.

Sasa mnangoja niwaambie kwamba tulibebwa juujuu na kuimbiwa nyimbo.

Thubutu!

Jumatatu nilikuta nafasi yangu mezani imeshapewa mtu. Mama akatengwa kanisani kwa kusema uongo madhabahuni, akapelekwa benchi la nyuma, meza ya Bwana akaisikia kwa mbali. Mimi hawakunitenga. Nilitoka kwenye kwaya kwa miguu yangu, nikaenda kukaa naye. Watu walipita wakitukwepa kama tuna ndui.

Nikaingia kwenye kufua. Mama alifua akiwa amekaa, kisha akawa ananielekeza akiwa amelala, kisha akawa hanielekezi.

Alifia kwenye chumba kilekile kinachovuja.

Siku chache kabla, nikiwa nampangusa uso, alifumbua macho.

"Amekuambia kitu?"

"Nani, Mama?"

"Mungu."

"Bado."

Akacheka, kicheko chembamba kilichoishia kwenye kikohozi.

"Hata mimi, mwanangu. Miaka yote. Nilidhani niko peke yangu."

Nilimshika mkono. Tulikaa hivyo, watu wawili ambao hatujawahi kusikia sauti yoyote, na sijawahi kuwa na ibada kama ile tena.

Mzee Tanuri alikuja msibani. Hakusema ametumwa na nani. Alisema, "Nimekuja," akaingia kwenye foleni ya wabeba jeneza.

Wewe kijana unayesoma hapa, kuna siku watu wote watakuwa wanapiga kelele kwa jina la Mungu, na wewe peke yako hutakuwa umesikia kitu. Usiwaigize. Sema hujasikia. Unaweza kupoteza kazi, kwaya, na hata usingizi. Lakini mtu anayekataa kumzulia Mungu maneno anamtii tayari, hata kabla hajaambiwa afanye nini.

Najua mtaniuliza kwenye maoni kama baadaye aliwahi kuniambia chochote.

Hayo ni yangu na yeye.