Ruta Isiyokumbuka

Juzi, katika kafe ya intaneti hapa mtaani Hai Amarat, mama mmoja alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili. Binti yake alikuwa Kampala, anaingizwa chumba cha upasuaji saa nne, na mtandao wa simu ulikuwa umelala tangu alfajiri. Fundi Mganda alikuwa akipanga upya ruta, kile kisanduku kinachogawa intaneti. Mwishowe taa ikawa ya kijani.

"Ngoja nisevu kwanza," akasema.

Nikamdakia: "Utasevu baadaye, ndugu! Mama azungumze."

Mama akapiga. Tukasikia sauti ya msichana, "Mama?" Mara jenereta ikakohoa, ikazimika. Ilipowaka tena, ruta haikukumbuka chochote cha kazi ya asubuhi.

"Mimi iko naanza mwanzo," fundi akasema bila kunitazama. "Kama haijasevu, umeme ikienda, yote iko naenda."

Saa nne ilikuwa imeshapita. Mama akaifunga simu kwenye pindo la shuka yake. "Malesh," akaniomba radhi, kana kwamba yeye ndiye aliyenikosea.

Jumapili nilipiga magoti nikatubu haraka yangu. Lakini najijua: hata toba yangu sijawahi kuisevu.