Ng'ombe Nyuma ya Vitunguu

Picha zilinifikia Soweto, hapa Mbeya, zikiwa ndani ya bomba la plastiki, lile nene la maji machafu, limezibwa kwa vitambaa huku na huku. Dada aliyezileta alikuwa amelibeba begani kutoka stendi, na jirani yangu muuza viatu akaniuliza kama choo changu kimeziba.

Dada huyo alikuwa mtunza picha wa ukumbi wa umma kule Iringa. Ni chumba kimoja kirefu ambako zinawekwa kazi za karatasi za wachoraji wa huku kwetu nyanda za juu: penseli, wino, rangi za maji, chapa za mbao. Kwa miaka mingi zilikaa kabatini. Sasa zilitakiwa ukutani, na fundi wa kwanza aliyemwendea alimkatalia sharti lake.

"Sharti gani hilo?" nikamuuliza.

"Karatasi isiguswe na gundi."

Mimi ni fundi fremu. Natengeneza picha za harusi, za mahafali, na za marehemu, na zote nazibandika kwenye boksi kwa uji wa ngano kabla ya kuweka kioo. Mbeya ina ukungu. Picha isiyobandikwa, ikifika Machi imevimba kama andazi, na mteja anarudi nayo kwapani akinitazama kama niliyemwibia. Nikamweleza hayo kwa utaratibu.

"Fundi, hizi si zako wala si zangu," akasema. "Ni za watu wote."

"Watu wote hawatakuwepo zikianza kuvimba. Nitakuwepo mimi."

Tukavutana mpaka chai ikapoa. Mwishowe nikakubali gundi iondoke, naye akakubali wiki tatu alizonipa ziwe tano. Niliona nimeshinda, maana kazi yenyewe ilikuwa ya wiki mbili na nusu. Tukazihesabu karatasi pamoja: thelathini na moja. Nikazihesabu tena peke yangu, yeye akitazama saa. Thelathini na moja. Akasema orodha ya majina ya picha atanitumia kwa simu, akawahi basi.

Thelathini zilikuwa na adabu. Nilizishika kona kwa vipembe vya karatasi kama alivyonionyesha, zikatulia. Ya thelathini na moja ilikuwa manila kubwa iliyokaa imekunjwa miaka isiyojulikana, na haikutaka kulala. Nikaikandamiza kwa vigae siku tatu. Nilipoviondoa ilijikunja taratibu mpaka ikawa bomba tena, mbele ya macho yangu.

Ilikuwa picha nzuri, siwezi kuisingizia. Wanawake wanne wa Ruaha Mbuyuni wamekaa kando ya barabara wakipanga vitunguu kwenye ndoo. Nimenunua vitunguu pale mara nyingi, na aliyechora alikuwa anajua: vikubwa vilikuwa juu, na mkono wa mama mmoja ulikuwa unasukuma vidogo chini huku uso wake ukimtazama mteja kwa upendo. Nyuma ya karatasi kulikuwa na chati ya darasani, ng'ombe aliyefunguliwa ubavu ili matumbo yake manne yaonekane. Nikajua mchoraji alikosa karatasi mpya akatumia chati kuukuu ya shule. Hata mimi ningefanya hivyo.

Nikajiambia, hii moja tu. Nani atajua? Nikapaka uji juu ya ng'ombe, nikambandika kwenye boksi, nikaweka vigae. Asubuhi wanawake wa vitunguu walikuwa wamenyooka kama walioitwa kwenye gwaride.

Mchana orodha ikaingia kwenye simu. Ilikuwa na picha thelathini na mbili. Nikahesabu fremu: thelathini na moja. Nikahesabu orodha upya kwa kidole, kisha fremu tena kuanzia mwisho. Nikampigia.

"Dada, umeniongezea picha ambayo hukuniletea."

"Sijaongeza. Namba kumi na saba na namba kumi na nane ni karatasi moja. Mbele vitunguu, nyuma ng'ombe. Hiyo utaiweka kioo pande zote mbili, itaning'inia katikati ya chumba. Nilitaka nikueleze leo."

Nikaitazama sufuria ya uji.

"Umeibandika," akasema. Hakuwa anauliza.

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Yote."

Hakugomba, na hilo ndilo lililonitisha. Alinieleza kwa sauti ile ile ya kawaida kwamba mchoraji ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, anakaa Kihesa, hapo hapo Iringa. Maisha yake yote ya kazi alichora chati za kufundishia. Nyingine ziliraruka, nyingine zililiwa na mchwa, mbili ziliishia kuziba madirisha ya darasa. Ng'ombe ndiye aliyebaki, na alibaki kwa sababu mwalimu alichora vitunguu upande wa pili na kuitundika sebuleni kwake. Ukumbi ulipokwenda kuomba vitunguu, akasema atatoa kwa sharti moja: ng'ombe naye aonekane.

"Kwa hiyo ulichokibandika ndicho alichotoa," akasema. "Nenda kamwambie mwenyewe. Mimi nitakuja huko keshokutwa na fomu zangu."

Nikapanda basi la alfajiri na fremu zote thelathini, na ile manila juu ya boksi lake, nje ya fremu, nimeifunga shuka.

Mwalimu alikuwa mama mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kamba. Alinifungulia akasema "Kamwene" kwa Kihehe, nami nikaitika na kuongeza shikamoo, maana siku hiyo salamu moja niliiona haitoshi.

"Marahaba. Wewe ndiye fundi wa gundi."

"Ndiye, mwalimu."

"Nilipigiwa simu. Lete."

Nikaiweka juu ya meza ya chakula. Akawatazama wanawake wa vitunguu kidogo tu, kama mtu anayepita kwa jirani, kisha akaigeuza. Akagonga boksi kwa kidole.

"Yuko humu?"

"Yumo."

"Ulimwona kabla hujambandika?"

Ningeweza kusema sikumwona. Nilikuwa na sentensi yake tayari tangu basi lilipopita Makambako. "Nilimwona," nikasema. "Nikadhani ni chati tu."

"Ni chati tu," akasema mwalimu. "Gundi gani?"

"Uji wa ngano."

"Si ile nyeupe ya mbao?"

"Ile ni ghali, mwalimu."

Kwa mara ya kwanza alinitazama usoni. "Basi ubahili wako umetusaidia," akasema, akaenda kuleta kisu.

Tatizo lilikuwa maji. Uji wa ngano huachia ukilowana, lakini wino nao huenda. Mwalimu alizikumbuka peni zake kama watu wanavyokumbuka majirani. Nyeusi na kahawia zilikuwa maka peni zile za kunuka mafuta, haziogopi maji. Nyekundu ilimwishia katikati ya kazi, kwa hiyo tumbo la tatu alilipaka kwa wino wa kusahihishia madaftari.

"Huo ukiona maji unakimbia," akasema. "Na uji wako ulikuwa na maji."

"Ulikuwa nayo."

Tukakaa, mimi upande wa kichwa, yeye upande wa mkia. Boksi lina tabaka tatu, na tulilibandua kavu, tabaka moja moja, vipande vidogo kama kucha. La kwanza lilitoka upesi. Yale mawimbi ya katikati yalitula siku yote iliyobaki. Nililala kwa ndugu yangu, asubuhi nikarudi. Mwalimu alikuwa ameshaanza.

Alizungumza akiwa ameinama. Alisema alipomtundika ng'ombe mara ya kwanza, mtoto mmoja wa dawati la mbele alilia. Mtoto alisema ng'ombe anaumia, amepasuliwa. Mwalimu akaipeleka chati nyumbani, akachora upya jicho usiku ule. "Nikampa jicho la ng'ombe anayesubiri kufunguliwa zizi. Kesho yake yule mtoto akatazama, akasema sasa ng'ombe hajali."

"Hilo jicho tutaliona leo," nikasema.

"Kata taratibu, fundi. Usiniahidi."

Ilipobaki ngozi ya mwisho ya boksi, tulilowanisha kwa pamba pembezoni tu, na kwenye tumbo la tatu hatukugusa maji kabisa. Miguu ikatoka. Mkia ukatoka. Kichwa kikatoka, na jicho lilikuwapo, tulivu, halina habari na sisi. Tumbo la kwanza, la pili, la nne. Mtunza picha aliingia wakati huo na mkoba wake, akasimama nyuma yetu bila kuvua koti.

La tatu lilitoka mchana. Nilivuta ngozi ile kavu kwa ncha ya kisu, na wino ukaja nayo. Mkononi mwangu kulikuwa na kipande cha boksi chenye tumbo jekundu. Kwenye manila palibaki mstari mweusi wa kulizunguka, na ndani yake rangi ya waridi hafifu, kama ufizi wa mtoto.

Mwalimu aliinuka, akafungua droo ya kabati, akarudi na peni nyekundu. Akaivua kifuniko.

"Hapana, mwalimu," akasema mtunza picha. "Usipake."

"Chati yangu haiwezi kutundikwa na kosa."

"Ilikuwa yako. Ulisaini kuitoa. Sasa ni ya watu wote, na hata mimi siruhusiwi kuongeza nukta."

"Na huyu aliruhusiwa gundi?"

"Huyu hakuruhusiwa. Alijiruhusu."

Mwalimu alibaki na peni hewani. Mimi nilitazama mezani. Nilikuwa tayari kubisha kwa ajili yake, kubisha ndiyo kazi ninayoiweza, lakini kila neno lililonijia lilikuwa la mtu mwenye mikono safi. Akairudishia peni kifuniko.

"Linaonekana?" akaniuliza.

"Linaonekana, mwalimu."

"Mtoto wa nyuma ya darasa ataliona?"

Nikarudi mpaka mlangoni nikatazama. "Ataliona. Ila atauliza kwa nini limepauka."

"Basi aulize."

Mtunza picha akatoa fomu ya hali ya picha, akaandika huku akitamka: tumbo la tatu limefifia kwa sababu ya gundi ya fundi.

"Dada," nikasema, "ukiandika 'unyevu' inatosha. Unyevu upo, Mbeya nzima inajua."

"Gundi ya fundi," akasema mwalimu.

"Basi 'gundi' peke yake. Fundi atajwe kwa nini?"

"Mtoto akiuliza apewe jibu. Gundi haikujipaka."

"Kama ni hivyo na iandikwe kwamba fundi aliibandua mwenyewe, siku mbili, kwa mkono."

Mwalimu alifikiri, kwa haki kabisa, kama anayetoa alama. "Iandikwe," akamwambia mtunza picha. "Hilo nalo ni kweli." Ikaandikwa, mstari wa pili.

Kipande cha boksi kilikuwa bado mkononi mwangu. Mwalimu akauliza ni cha nani. Mtunza picha akatazama orodha yake, akasema hakimo, si cha umma, boksi lilikuwa la fundi. Mwalimu akanyoosha mkono. Nilifungua mdomo, kwa mazoea tu, kisha nikampa.

Akakigeuza dirishani. "Limegeuka," akasema. "Linatazama upande usio wake." Hata hivyo alikichomeka kati ya kurasa za kitabu cha nyimbo, akaja kukaa.

"Manila za Mbeya bado ni nene?" akaniuliza.

"Nene."

"Niletee tatu. Moja ya kukosea."