Radi ya Kutumwa

Mwaka tulipohamia kijiji cha ujamaa, upande wa Ikungi, radi iliua ng'ombe wawili wa jirani yetu waliofungwa chini ya mti mrefu. Ngozi hazijakauka, tayari mwenye ng'ombe alikuwa amempata mkosaji: bibi yangu. Kisa chenyewe, walikuwa wamegombana baada ya ng'ombe haohao kuingia kwenye mtama wa bibi.

"Hii radi imetumwa," alitangaza. Watu wazima wenye akili zao wakaitikia kwa vichwa. Mkutano ukaitishwa kuamua kama bibi aondoke kijijini. Nilikuwa darasa la sita, sina kwingine isipokuwa kwake, na woga ulinishika hadi ugali ukanishinda.

Juma hilohilo mwenzetu mmoja alimwuliza mwalimu wa sayansi kuhusu bunduki ya mwanga aliyoisikia redioni. Mwalimu, kijana mpenda maswali, akafurahi kama aliyeletewa mgeni.

"Mwanga ni nishati," alisema. "Tochi huutawanya, kama mama anavyowamwagia kuku mtama. Ukitaka uunguze, ukusanye."

Alitutoa nje na lenzi ya shule, akaielekeza kwenye jua mpaka mwanga ukabaki doa dogo juu ya jani kavu la muhindi. Moshi ukatoka, tukapiga kelele. Mwenzetu alipojaribu, mkono ukatetemeka, na jani halikuungua.

"Doa likihamahama, joto halilundikani," mwalimu akaeleza. "Sasa kuna mwanga unaitwa leza. Huo hukimbia kama ninyi kwenye mchakamchaka wa asubuhi: upande mmoja, hatua moja, hakuna wa kuchepuka. Ndiyo maana hufika mbali bila kutawanyika sana. Wataalamu wanajaribu kuufanya silaha. Lakini lazima pawe na mtambo wa kuutoa, nguvu nyingi ya kuulisha mtambo, na namna ya kulenga na kutulia palepale. Tena vumbi na ukungu huudhoofisha."

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, kwa hiyo na radi inaweza kutumwa?"

Kila mtu alijua naulizia nini.

"Radi ni umeme wa mawingu," akajibu taratibu. "Hakuna aliyeukusanya, hakuna aliyeulenga. Hutafuta njia rahisi ya kushuka, na mti mrefu uliosimama peke yake ni njia nzuri. Wa kuutuma angehitaji mtambo. Bibi yako anao?"

"Ana jembe na vyungu."

Wakacheka, nami nikacheka kwa mara ya kwanza tangu radi ile ipige.

Siku ya mkutano mwalimu alikuja akarudia yote, na lenzi yake mkononi. Jirani hakutikisika. "Hayo ya Wazungu, mwalimu. Ya kwetu hayahitaji mtambo."

"Sawa, mzee. Basi kama mama huyu anajua kulenga, mbona alikukosa wewe uliyegombana naye, akapiga ng'ombe?"

Watu wakaangua kicheko. Mwenyekiti mwenyewe alishindwa kujizuia. Ikaamuliwa bibi abaki, na mifugo isifungwe tena chini ya miti mirefu. Nililia kwa furaha mbele ya kadamnasi, wala sikuona haya.

Mvua iliyofuata, ngurumo zilipoanza, jirani alikuja mbio akiswaga ng'ombe wake waliobaki hadi kwenye zizi letu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba hawa wajifiche kwako."

Nilifurahi mno. "Mzee, kumbe somo la mwalimu limekuingia!"

"Somo gani?" akanishangaa. "Mwenye radi hawezi kupiga zizi lake."

Nilipandwa na hasira, nikafungua mdomo nimjibu. Bibi akanivuta pembeni, akachukua kibuyu, akachagua ng'ombe mwenye kiwele kilichojaa.

"Mwache, mjukuu wangu," akaninong'oneza, akichuchumaa kukamua. "Elimu itamfikia polepole. Maziwa yamefika leo."