Mstari Kwenye Kopo la Sukari

Kwenye chumba cha kufulia cha hospitali walimwita Dada Pasi, na jina likamkaa. Miaka kumi na tisa alinyoosha makoti ya madaktari, kola kwanza, kisha mikono, kisha mgongo, na hakuna koti lililowahi kurudishwa. Alikuwa mwembamba hata wenzake wakamtania kwamba upepo ukivuma ajifunge jiwe kiunoni. Alicheka nao, kisha akarudi kwenye vyumba viwili alivyoishi na mama yake, na tangu mama afariki, na kabati tu.

Mama naye alikuwa mwembamba. Alipokutwa na kisukari watu walishangaa, maana walijua huo ni ugonjwa wa walioshiba. Kila kliniki kipimo kilikuwa juu. Mwishowe nesi akamvuta Dada Pasi pembeni.

"Huyu mzee anakula sukari kwa siri. Ifungie."

Akaifungia. Alisawazisha sukari ndani ya kopo, akachora mstari kwenye uso wa sukari kwa ncha ya sindano, akafunga kabati na kuuvaa ufunguo shingoni. Kila jioni alikagua. Mstari ulikuwa pale pale, na kliniki sukari ilikuwa juu vile vile.

"Mwanangu, sijaigusa," mama alisema.

"Mama, kipimo hakidanganyi."

"Kwa hiyo mimi ndiye mwongo?"

Dada Pasi akaenda kuukagua mstari tena. Alishajishawishi kwamba mama amepata ufunguo wa pili, na kwamba akishachota anauchora mstari upya. Mwanamke ambaye macho yalishaingia ukungu, anayepapasa ukuta kutafuta mlango, ndiye achore mstari wa sindano. Lakini ndivyo tulivyo: tukishaamua mtu ni mwizi, tunamtafutia na funguo. Siku za mwisho mama aliacha kuapa. Alikaa kimya, na kimya kile Dada Pasi alikichukua kuwa ni kukiri.

Miaka minne baadaye kiu ikamshika yeye. Alikunywa maji ndoo kwa ndoo, akazidi kukonda, akapimwa. Nesi yule yule akamwambia aache vitu vitamu. Tangu msiba chai yake haikutiwa sukari, na kabati halijafunguliwa. Aliapa mpaka mate yakamkauka. Hakuaminiwa, na nyumbani hapakuwa na mtu wa kumwambia kwamba hakuaminiwa.

Ndipo watafiti walipokuja kuchukua damu za wagonjwa wembamba. Mtafiti kijana alijaza fomu akauliza habari za mama.

"Alikuwa na sukari," Dada Pasi alisema. "Alikula kwa siri."

Ikaandikwa hivyo hivyo.

Majibu yalipotoka, mtafiti alimkalisha. "Dada, vitabu vyetu vingi vimeandikwa kwa kupima watu wa mbali. Watu wa huku hatujawapima vya kutosha. Wewe una tofauti ndogo kwenye vinasaba. Kongosho lako linatoa insulini kidogo, na sukari inapanda hata ukiwa mwembamba."

"Hata nisipoionja?"

"Hata usipoionja. Mwili unaitengeneza kutokana na chakula cha kawaida. Na hii ni ya kurithi. Huenda mama yako alikuwa nayo. Tunaweza kumpima?"

"Hayupo," alisema.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Cha kwake kilikuwa ndani zaidi ya nguo, na mama ndiye aliyekilipia.

Alifika nyumbani jua bado liko juu, akafungua kabati. Sukari ilikuwa imeganda ngumu. Mstari wake ulikuwepo, na mwisho wake umepinda kidogo kushoto, pale sindano ilipomteleza siku aliyouchora kwa haraka akiwahi kazini. Alilia akiwa amesimama, kopo mkononi. Alitamani kuombwa sukari na mama, japo kijiko kimoja.

Asubuhi alikwenda kwa mtafiti kabla hajawasha pasi.

"Ile fomu yangu. Futa pale kwa mama."

"Dada, haibadilishi chochote kwenye majibu."

"Najua. Futa."

Kijana akaitafuta, akakata maneno. "Niandike nini?"

"Andika hakuigusa."

Akaandika. Dada Pasi akamwomba amsomee, na kijana akasoma kwa sauti ya chini, kama watu wanavyosoma mambo ya ofisini.

"Soma kwa sauti," alisema, ingawa chumbani walikuwa wawili tu.