Mahari au Mahali

Mjukuu wangu alikuja Ushirombo kutoka Ngokolo na tasnifu yake ya chuo kikuu, iliyotakiwa kuwasilishwa Ijumaa. Inahusu ndoa za wachimbaji wadogo wa dhahabu. Aliniamkia, kisha akanifungulia kompyuta kwenye ukurasa wa marejeo. Katikati ya maprofesa nikaliona jina langu, la ukoo limetangulia, na mbele yake: "Daftari la nia za misa, halijachapishwa."

Nilikuwa katekista wa kigango kwa miaka mingi. Watu waliponiletea nia zao, yaani mambo ya kuombewa, niliziandika humo ili padri azisome Jumapili. Mwaka jana binti huyu aliliazima daftari, nami nikadhani anataka kusali nalo.

"Babu, umeniokoa," alisema. "Sura ya nne yote imekutegemea wewe. Sijapata mwingine aliyeandika kwamba wachimbaji waliombewa mahari kanisani."

Nilimshukuru Mungu, nikaomba nisome. Mstari wa kwanza aliounukuu ulikuwa huu: "Kuombea mahari ya kijana wetu huko Geita." Niliusoma mara tatu. Kijana yule namkumbuka. Alikuwa amehamia duara jipya, yaani shimo la kuchimba, na wazazi wake walihofia lisije likamfukia. Waliombea mahali.

"Mke wangu," nilimwambia, kama tunavyotaniana, "hapa niliandika kwa ulimi wa Kisukuma. Hiyo 'r' ni 'l'."

Alinitazama. "Ingekuwa mahali ungeandika 'pa', babu. Umeandika 'ya'."

"Mimi naandika 'ya' kila mahali."

"Na hizi nyingine kumi na moja?"

Hapo nikachanganyikiwa. Mbili tatu zilikuwa mahari kweli, posa zake nilizihudhuria. Nyingine nilizitazama hadi herufi zikaanza kucheza. Sala zile zilipanda mbinguni bila kumtatiza yeyote, na sasa zinamkwamisha mtoto chuoni.

Tukampigia simu mama mmoja wa Kagongwa, ambaye mwanawe alikuwemo katika orodha.

"Shikamoo, mama," mjukuu alisema. "Ile misa ya mwanao, mliombea mahari au mahali?"

"Marahaba. Ndiyo, mahari."

"Ya ng'ombe, mama, au ya kuchimba?"

"Msomi wewe, ng'ombe wangetoka wapi bila duara? Tuliombea hiyo hiyo."

Mjukuu alikata simu. Baadaye akafuta kichwa cha sura ya nne, akaiandika sura upya, akieleza kwamba mwenye daftari hana hakika, na kwamba mama aliyeulizwa hakuona tofauti. Jina langu akaliacha. Ijumaa akawasilisha.

Leo asubuhi amenipigia. Msimamizi wake ameipenda kazi, ila anataka neno moja lichaguliwe, asiache mawili. Mjukuu ameniuliza tuweke lipi.

Nilimwambia siwezi kuchagua, maana sala zile hazikuwa zangu, mimi nilishika kalamu tu.

"Basi nimwandikie hivyo hivyo?" aliuliza.

Nilisema ndiyo. Sijui kama nimemsaidia au nimemwangusha.