Kaka wa Karatasi

Nilifika Doha nikidhani nitakaa mwaka mmoja. Mwaka wa tatu ulinikuta bado naendesha gari la kampuni inayokodisha majukwaa, spika na taa kwa hoteli za West Bay, na kila njia ya mji ule nilikuwa nimeijua mpaka inanichosha. Mimi ni mtu wa kuondoka. Shule niliiacha darasa la sita kwa sababu dirisha letu lilitazama reli, na tangu hapo sijakaa mahali nikaona pametosha. Mombasa, Dar, miezi kadhaa Muscat, tena Tanga kwetu, tena safari. Doha ndiyo ilikuwa sehemu ya kwanza ambapo kutaka kuondoka hakukutosha. Siku zile, mfanyakazi kutoka nje ya nchi alihitaji karatasi ya ruhusa iliyosainiwa na kafili wake, yaani mwajiri aliyemwingiza. Kafili wangu alikuwa bosi. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na mambo mengi tu. Kila nilipomwomba alijibu, "Baada ya msimu." Na msimu wa shughuli Doha hauishi, unabadilisha hoteli.

Usiku nililala Industrial Area, chumba cha watu sita. Mchana nilimwendesha mandub. Mandub ni yule mtu wa kampuni anayezunguka ofisi za serikali na mafaili, kupeleka maombi na kuchukua majibu. Wetu alikuwa mzee wa Kisudani niliyemwita ami. Magoti yake yalikuwa yamechoka, kwa hiyo taratibu nikawa mimi ninayepanda ngazi na yeye anayebaki garini na kiyoyozi.

"Unauliza maswali mengi kwa mtu mwenye leseni ya kuendesha tu," aliniambia siku moja.

"Ndiyo maana nauliza, ami. Leseni ya kusoma sikupata."

Nilijifunza. Kikundi cha muziki kikiitwa, hakiji hivi hivi. Kunatakiwa mkataba wa ukumbi, nakala ya pasipoti ya kila mtu, picha ya kila mtu yenye ukuta mweupe nyuma, na kazi ya kila mtu. Mwimbaji aandikwe mwimbaji. Fundi wa sauti akiandikwa mwimbaji, siku ya ukaguzi ataulizwa yuko nyuma ya mitambo anafanya nini. Hata ala zinaandikwa moja moja, ili zilizoingia ndizo zitoke. Nilimpitishia karatasi mpiga gitaa Mfilipino, wacheza ngoma wa Misri, na bwana mmoja aliyekuja kupiga filimbi dakika ishirini kwenye uzinduzi wa duka la saa akaondoka jioni ileile. Huyo wa filimbi nilimwonea wivu wiki nzima.

Ndipo ikaja harusi. Familia moja ya pale pale Doha, ambayo bibi yao alizaliwa Unguja na bado alikuwa akigomba kwa Kiswahili, ilitaka taarab kwenye ukumbi wa wanawake. Siyo taarab yoyote. Bibi alikuwa na kaseti ya mwimbaji mmoja wa Tanga, akasema bila mama huyo asiletewe mtu. Bosi aliniita ofisini kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe.

"Hawa ni watu wa kwenu?"

"Wa mji wangu, bosi. Kiongozi wao nilikuwa nikimbebea kanuni, ile ala yake ya nyuzi, nilipokuwa mdogo."

"Basi shika wewe. Niletee kikundi kizima, na huyo mwimbaji, nikusainie ruhusa yako siku wanayoondoka."

Kikundi kilikuwa kinatoka Doha kwenda Muscat kwa wiki tatu. Nikampigia kiongozi nikamwomba aniweke kwenye orodha yao ya Muscat kama mbeba vyombo. Akacheka akasema nitabeba kanuni ileile, imezidi uzito tu. Siku hizo nililala vizuri.

Nakala za pasipoti zilikuja kwenye mtandao, nikazichapisha. Watu kumi na mmoja. Ami alizipitia garini, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua, akasimama kwenye ya mwimbaji.

"Huyu ana miaka ishirini na minane. Hana mume. Kwa umri huu anatakiwa awe na mwanamume wake wa karibu. Mume, baba, kaka, au mtoto mkubwa."

"Mtoto mkubwa yupo, ami. Mpiga dumbaki ni mwanawe."

Ami akaitafuta ya mpiga dumbaki. Akaziweka zote mbili juu ya dashibodi, akahesabu kwa vidole, kisha akahesabu tena kwa adabu.

"Mtoto ana ishirini na miwili," alisema. "Mama alimzaa ana sita. Mashaallah."

Hilo lilikuwa kosa la watu wetu, na nililijua kabla hajamaliza kuhesabu. Waimbaji wetu wa kike wakienda kutengeneza pasipoti ya kwanza hupunguza miaka. Mashabiki husikia umri, wapinzani hutunga mafumbo juu yake, basi kila mmoja anachonga kidogo. Huyu alikuwa na arobaini na mmoja. Alichonga kumi na mitatu. Kwa Muscat haikumsumbua, huko alikwenda enzi zile na mume wa pili, ambaye waliachana, na sasa alialikwa na ndugu zake wa huko. Doha ndiyo iliyohesabu.

Nikapiga simu Tanga. Kiongozi akacheka mpaka akakohoa, kisha akampa mama simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimesikia nina miaka sita."

Nikamweleza. Nikamwambia ziko njia mbili. Ya kwanza, abadilishe pasipoti iandikwe umri wa kweli. Ya pili, kijana aandikwe kaka yake. Majina ya baba yanatofautiana, lakini kaka wa mama mmoja ni kaka.

"Hiyo ya pili ishike mwenyewe," alisema. "Kupunguza miaka ni pambo, baba, ni kama wanja. Mtoto simpunguzi. Yule nimemzaa peke yangu, nimemlea peke yangu, baba yake hata sare ya shule hakumnunulia. Leo nikae mbele ya Mwarabu niseme simo?"

"Ni karatasi tu, mama."

"Kama ni karatasi tu, mbona bila hiyo hamnitaki?"

Akasema ataanza kubadilisha pasipoti kesho yake. Alianza kweli. Alikwenda na cheti cha kuzaliwa, na mji mzima ukajua ana arobaini na mmoja. Kiongozi alinisimulia kwamba mwimbaji wa kikundi jirani alishapata ubeti. Lakini ofisi ilitaka kiapo, kisha barua, kisha subira, na harusi ilibaki siku kumi na nane. Bosi alipiga simu asubuhi na mchana. Yule bibi wa kaseti alikuwa akimpigia bosi. Mimi nilikuwa napita na gari barabara ya Al Wakrah, naona ndege zinavyopanda upande wa kushoto, moja baada ya nyingine, na sikuweza kukaa sawa kwenye kiti.

Siku ya kumi na nne kabla ya harusi nilipanda ngazi za ofisi ya viza na faili lenye watu kumi na mmoja. Ami alikuwa amenipa fomu, sehemu moja kaiacha wazi, pale panapouliza uhusiano.

"Mkono ni wako," alisema. "Mimi sijui Kiswahili, mliyosema kwenye simu sikuyaelewa."

Niliandika kaka, kwa Kiingereza. Niliandika kwa herufi nzuri, za mtu aliyeacha shule mapema na anayejali herufi zake. Sikumpigia mtu kumwambia. Viza zilipotoka, nilimwambia kiongozi neno moja tu, kwamba zimepita. Naye akamwambia mama kwamba zimepita, na mama akaacha kuhangaikia pasipoti mpya, akaanza kufanya mazoezi. Alidhani wameamua kutohesabu. Nilijua atadhani hivyo.

Walifika asubuhi, wamevaa makoti mazito kwa sababu mtu alikuwa kawaambia ndege ina baridi. Nilikuwa uwanja wa ndege, nje ya kioo cha ukaguzi wa pasipoti. Niliwaona kwenye foleni, mama mbele, kijana nyuma yake na begi la dumbaki kifuani. Walipofika dirishani nikamwona ofisa akimwangalia mama, akimwangalia kijana, akiangalia karatasi. Midomo yake ilisogea. Mama akageuka kumtazama mwanawe. Kijana naye alikuwa anatazama karatasi, na uso wake ulibadilika, nikajua kwamba ameisoma.

Nyuma yao watu tisa na ala zao. Kisha mama akasema kitu kifupi, ofisa akagonga muhuri mara mbili.

Ndani ya basi hakuna aliyenisalimia vibaya. Kiongozi alinikumbatia. Kijana ndiye aliyekaa kiti cha mbele karibu yangu, akanisimulia kwa sauti ya chini.

"Aliuliza kwa Kiarabu, huyu nani yako. Mama Kiarabu cha Muscat anacho. Nikamwambia kwa Kiswahili, wameandika kaka. Basi akasema, akhui. Akasema mara moja tu, yule bwana akataka arudie, akarudia."

"Kakasirika?"

"Sijui." Kisha akageuka nyuma, kijana wa miaka ishirini na miwili, hawezi kuacha. "Dada, unataka maji?"

Watu wakacheka. Mama alikuwa anatazama nje. Alipokea maji.

Harusi ilikwenda. Wanaume walipiga nyuma ya pazia zito, kama ilivyo kwa ukumbi wa wanawake, na mimi nilikaa nao nikishika nyaya. Sikumwona akiimba, nilimsikia tu, upande wa pili wa kitambaa. Bibi wa Unguja alilia, wakasema. Wakamrudisha mama jukwaani mara tatu. Kijana alipiga dumbaki akiwa amefumba macho, na kila wimbo ulipokwisha alisema "Ahsante, dada," kwa sauti ya wapigaji tu, hadi kiongozi akamwambia, "Bwana wee, inatosha."

Asubuhi ya kuondoka bosi alisaini. Alisaini akiwa kwenye simu, bila kunitazama, karatasi ambayo niliisubiri miaka mitatu. Nikaenda nayo hotelini wanakokaa, na begi langu, ambalo halikuwa zito. Mama alikuwa amekaa sebuleni na kikombe cha chai, amevaa koti lake. Nikampa shikamoo.

"Marahaba. Unakwenda na sisi, nasikia."

"Ndiyo mama, kama mtaniruhusu. Nisamehe lile jambo."

"Lipi?"

Nikalitaja. Nilitaka kuliweka vizuri, na kadiri nilivyoliweka vizuri ndivyo lilivyozidi kuwa baya. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Ungenipigia," alisema. "Ungesema, mama, nimekwama, nataka kutoka huku. Mimi ningekuja kusema hivyo hivyo, nikijua nasema kwa ajili ya nani. Ulinileta dirishani kama mzigo. Nyuma yangu watu tisa, ningesemaje?"

Niliweka begi langu chini.

"Wewe ni mtoto wa kwetu, sikuombei mabaya. Lakini orodha ya Muscat nimemwambia kiongozi afute jina lako. Sitaki mtu mwenye mkono huo karibu na karatasi zangu."

Kiongozi alikuwa mlangoni, ameshika kanuni. Alinitazama akatikisa kichwa polepole, na nikaelewa kwamba haliwezi kubadilishwa. Bila jina kwenye orodha yao sikuwa na viza ya Muscat. Nilikuwa na ruhusa ya kutoka na hakuna pa kuingia ila nyumbani, na nyumbani nilikuwa nimeshaaga mara nyingi mno kurudi na begi lile lile.

Nikawapeleka uwanja wa ndege. Nilipakua ala zote, nikazihakiki na orodha moja moja, zilizoingia ndizo zilizotoka. Kijana alinipa mkono, mama akaniambia niendeshe pole pole.

Ruhusa ilikuwa ya siku saba. Niliiweka kwenye mfuko wa shati, nikaihamisha shati hadi shati. Siku ya saba tulikuwa Al Wakrah tunafunga jukwaa la uzinduzi wa duka la magari, na ami aliniita kutoka garini akiwa na faili la kikundi kipya, watu wanane, mwanamke mmoja.

"Hapa pa uhusiano waliacha wazi," alisema. "Utaandika nini?"

Nilimwomba simu yake, yangu haikuwa na salio la kupiga nje, nikaanza kutafuta ndani ya faili namba ya huyo mwanamke.